Mtoto Aliyeitikia Jina la Babu

Mwanangu wa kwanza alilia tangu tulipotoka hospitali mpaka tulipofika nyumbani Nyakato, na kunyonya hataki. Mama alikuwa amekuja kutoka kijijini kunikanda. Kwetu mtoto akilia hivyo husemwa anadai jina, basi mama akampakata, akaanza kumtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja: mababu, wajomba, hata mzee mmoja aliyesifika kwa ubahili. Mtoto analia tu. Alipotajwa baba yangu, akanyamaza, akanyonya.

"Ameitika," mama alisema. "Mume wangu amerudi."

Mimi nikasema amechoka. Ukweli ni kwamba niliogopa. Baba alikuwa mvuvi kwenye kambi za kisiwa cha Rukuba, na kila aliporudi nyumbani tulimsikia kabla hatujamwona. Sato akipungua chumvi, kelele. Mlango ukichelewa kufunguliwa, kelele. Hakuwahi kumpiga mama, lakini mama aliishi ndani ya nyumba yake kama mgeni. Nilimpenda baba, na alipokufa nilimlilia sana, ila arudi nyumbani kwangu sikutaka. Maana kwetu jina haliji peke yake. Ukimpa mtoto jina la mtu, kaa tayari kupokea na tabia zake.

Nikamwambia mama jina lisubiri ubatizo. Alinuna, na jioni hiyo alinikanda kwa maji ya moto kuliko kawaida.

Nilipopata nguvu, nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda kwenye kipindi cha Biblia kanisani Kigera. Mwinjilisti alikuwa akitufundisha jinsi watu wa Agano la Kale walivyo kivuli cha Yesu. Isaka alibeba kuni za sadaka yake mwenyewe. Yusufu aliuzwa na ndugu zake. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Yona, na mdomo wangu hauna breki.

"Mwinjilisti," nikauliza, "Yona alikimbia kazi, halafu akanuna watu waliposamehewa. Mtu mwenye kisirani vile anakuwaje kivuli cha Yesu?"

Akacheka. "Wewe ni mtoto wa mvuvi, angalia vyombo vyao. Yona alilala chomboni dhoruba ikipiga. Yesu naye alilala. Yule wa kwanza ilibidi atupwe majini ndipo maji yatulie. Wa pili aliamka, akayakemea, yakatulia wote wakiwa ndani. Kivuli kinafanana na mwili, dada, lakini siyo mwili. Anayekuja baadaye harudii makosa ya aliyetangulia. Anakuja kukamilisha kilichobaki."

Nilirudi nyumbani nimefurahi, natabasamu peke yangu barabarani. Mama alikuwa anachambua dagaa ukumbini. Nikamfungua mtoto mgongoni.

"Haya, mpokee mume wako," nikamwambia.

Mtoto akaamka, akaachia kelele zilizojaa nyumba nzima, sauti ya baba kabisa. Nikaganda pale mlangoni. Mama wala hakushtuka. Alisukuma ungo pembeni, akanyoosha miguu kwenye mkeka, akamlaza mapajani, akacheka mpaka kitenge kikamdondoka begani.

"Piga kelele tu, mzee," alimwambia. "Zamani ukipiga kelele nilikuwaga nakimbilia jikoni. Saa hizi ukipiga, nakubeba."