Upande wa Dereva

Gereji yetu ya mtaa wa Bwiza ilikuwa na sheria moja: hakuna kushoto wala kulia. Aliyelala chini ya gari akisema kulia, kwa aliye juu huenda ni kushoto. Kwa hiyo tulisema upande wa dereva na upande wa konvoyeri, yaani msaidizi wake.

Wakati nchi yetu imewekewa vikwazo vya biashara, jirani mmoja mfanyabiashara alituletea pikapu iliyokufa giaboksi. Mkewe alikuwa amejifungua kwao, mkoani, na vita vilikuwa vimesogea huko. Msafara wenye askari ungeondoka kesho yake asubuhi, na hakuna aliyejua mwingine ungetoka lini. Giaboksi ya aina ile haikupatikana mjini. Tuliyoipata ilikuwa ya gari jingine. Mkono wake wa gia ulitokea nyuma zaidi na pembeni kidogo, kwa hiyo ilibidi tutoboe upya sakafu ya kabini.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuta gari limeshapandishwa juu, akaingia chini moja kwa moja. Mimi nilikuwa kabini na patasi.

“Vidole vine, upande wa dereva,” akasema.

Nikapima kutoka tundu la zamani, nikakata. Tulipoinua giaboksi, mkono ukagonga bati. Tundu lilikuwa upande wa pili.

“We shemeji, upande wa dereva huujui?” nikamfokea mbele ya mwenye gari.

“Si huo wa kushoto?”

Kwetu dereva hukaa kushoto. Lakini pikapu ile ilikuwa mtumba wa nchi nyingine uliopitia Dubai, usukani wake ulikuwa kulia, na asubuhi nzima ulikuwa ukinigusa bega. Yeye hakuuona. Nilielewa palepale kwamba mkosaji ni mimi.

“Kesho nitaondoka?” mwenye gari aliuliza.

“Muulize huyu aliyeharibu,” nikajibu.

Shemeji alirudi kazini. Umeme wa kuchomelea haukuwepo, akakata kipande cha pipa la mafuta, akakipigilia kwa ribiti juu ya tundu langu, akatoboa jingine. Kabla ya magharibi gia zote ziliingia, hata ya kurudi nyuma, na mkono haukugusa kiti.

Asubuhi aliondoka na msafara, na siku ya nne pikapu ilisimama tena mbele ya gereji. Mke wa mwenye gari alikuwa ameketi ndani na mtoto kifuani, miguu yake myekundu kwa vumbi lililopenya kwenye ribiti. Nilipomwona mtoto anapiga chafya, nikasogea kwenye mlango wa dereva.

“Kosa lilikuwa langu,” nikamwambia mumewe. “Usukani niliuona mimi.”

“Nilijua,” akasema. “Mutu wa chini angeuona na macho gani?”

Nikamgeukia shemeji, nikamwomba radhi.

“Siku ine nzima neno halitoki,” akasema. “Mi nilifikiri umemeza ile patasi.”

Mama alicheka kwanza, kisha sisi wote. Shemeji akanipa kopo la lami, nikaingia chini ya gari kuziba ribiti zake.