Barua Ipitie kwa Bosi

Juzi nilikuwa masjala ya ofisi moja hapa Dodoma, nikifuatilia faili langu. Binti mmoja, mtumishi wa hapohapo, akaingia na barua ya kumlalamikia bosi wake anayemshikashika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama wa masjala akaisoma, akairudisha taratibu kwa kidole kimoja. "Lazima ipitie kwa bosi wako kwanza."

"Si ndiye huyohuyo, mama?"

"Ndio utaratibu, mwanangu."

Binti akaikunja. "Kazi naipenda. Natamani tu niifanye kwa amani."

Mama akavuta droo, akamwonyesha bahasha iliyochakaa. "Yangu hii. Nilikuwa na umri wako."

Faili langu likapatikana. Natamani lingepotea hilo, zikafika barua zao.