Bunduki Kwenye Simu

Jumapili moja baada ya ibada, mimi na Mama tulikuwa tunapika sombe, kisamvu cha kwetu, jikoni kwangu Peckham, kaka yangu mkubwa akapiga simu ya video kutoka Marekani. Alikuwa amefura kwa hasira. Jimbo lake lilitaka kupiga marufuku bunduki za kivita, na hata yeye asiruhusiwe kumrithisha mwanawe bunduki yake.

"Kaka, una wazimu?" nilimfokea. "Bunduki hizo hizo ndizo zilizotufukuza Kongo!"

Akacheka. Ili kunionyesha kwamba ni chombo cha kawaida tu, akaiinua bunduki yake mbele ya kamera.

Nikageuka nimwombe Mama amkanye. Mama alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mikono kichwani, kama alivyotufundisha sisi wawili tukiwa watoto.