Siku Shikamoo Iliponikwama

Nakumbuka siku moja pale Buseresere, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye nguvu zangu, nawapikia wachimba dhahabu na madereva wa malori. Kipandauso kilikuwa mgeni wangu wa mara kwa mara: kwanza vimulimuli machoni, kisha nusu ya kichwa inagonga kama wanaoponda mawe ya dhahabu wamehamia humo. Dawa yangu ilikuwa kukaza khanga kichwani na kuendelea kusonga ugali. Watu walinisifu kwa uvumilivu, nami sifa nilizipenda.

Asubuhi hiyo vimulimuli vilikuja, vikakataa kuondoka. Mwiko ukaniponyoka. Nikauokota, ukaniponyoka tena, nikacheka. Ndipo akaingia Mama Kulwa, mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Shinyanga. Kwetu Usukumani mkwe hasalimiwi juujuu, nikapiga goti. Badala ya shikamoo ikatoka sauti ya mlevi.

Wateja wakaguna. "Mkamwana gani huyu, amelewa asubuhi yote hii?" akasema mmoja.

Mwingine akadakia, "Upepo huo, apelekwe kwa mganga."

Mama mkwe alinishika kidevu, akanitazama usoni. Nikamwonyesha kichwa, kwamba ni kile kile cha siku zote.

"Kichwa chako nakijua, mwanangu," akasema. "Mdomo huu ulioenda upande siujui. Ugali na uungue! Niitieni bajaji, twende hospitali."

Niliogopa, sikufichi. Daktari alisema ni kiharusi. Kipandauso huwatesa wengi, akatueleza, na ni nadra sana kuleta kiharusi. Ila kwangu kilileta, na kuwahi kwetu ndiko kulikoniokoa.

Nguvu za mkono wa kulia zilirudi polepole. Tabasamu langu bado linalala upande kidogo, na wajukuu wakiniiga tunacheka mpaka chai inapoa. Nimeridhika na maisha yangu.

Basi mwanangu, mazoea yana taabu. Kichwa kinachouma kila mara kipeleke kwa daktari, usikifunge kwenye khanga; mficha maradhi, kilio humuumbua. Na siku mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, usingoje hali itulie, kimbilia hospitali. Mwenzako naye akikosea salamu, mtazame usoni kabla hujamwita mlevi.

Mungu akujalie uzee wenye vicheko, na wajukuu wakikuamkia, ulimi wako uwe mwepesi kuwajibu marahaba.