Kiuno, Si Mgongo

Kwa watu wa kwetu, mgongo na kiuno ni vitu viwili. Mgongo unaanza chini ya shingo na kuishia zinapoishia mbavu. Kuanzia hapo hadi juu ya makalio ni kiuno. Mwanaume anaweza kulalamikia mgongo mbele ya mtu yeyote, kwa sababu mgongo ni wa kazi. Kiuno ni habari nyingine. Mwanaume akisema kiuno kinamuuma, watu wanatazamana, kisha mmoja anauliza kama mkewe bado yupo. Kwa hiyo maumivu yangu, ambayo tangu mwanzo yalikuwa ya kiuno, niliyaita mgongo.

Ninatengeneza majokofu hapa Lindi, mengi yakiwa ya wauza samaki. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mambo ya umeme na gesi nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua vitu vilivyokufa. Nilipoambiwa nina saratani ya tezi, zile za shingoni na kwapani, na kwamba nitatibiwa kwa dripu Dar es Salaam, nilifanya kama nilivyozoea: nilitafuta maandishi nikayasoma. Nilielewa mengi. Nilijua kwa nini nywele zingetoka na mdomo ungeota vidonda, na kwa nini baada ya kila dripu nilipaswa kuchomwa sindano huku nyumbani ya kuinua kinga ya mwili. Nilisoma pia kwamba saratani ikisambaa inaweza kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na kwamba dalili yake ni maumivu. Sentensi hiyo ilinikaa kichwani kuliko kurasa nyingine zote.

Maumivu yalikuja baada ya dripu ya pili. Yalidunda kama mapigo ya moyo, chini kabisa, ndani ya mfupa. Maumivu ya nyama nayajua, nimebeba kompresa miaka mingi. Haya hayakuwa hayo. Siku ya dripu ya tatu daktari aliponiuliza hali, nilijibu kama tunavyojibu: alhamdulillah, mgongo tu umechoka. Akanigusa mabegani na katikati ya mbavu, akasema ni safari ndefu, nijitahidi kukaa wima. Nikamshukuru.

Baada ya dripu ya tatu hali ilikuwa mbaya zaidi. Mke wangu alinishonea mto wa sufi wa kuweka nyuma ya kiuno nikikaa. Godoro letu lililobonyea aliliondoa, akaniwekea jingine gumu. Kila asubuhi alichemsha maji, akachovya kitambaa, akakikamua na kunikanda. Nilijifunza kuamka kwa kugeukia ubavu kwanza, nishushe miguu, ndipo nijiinue kwa mkono. Nilitembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi kabla jua halijawa kali, kwa kuwa kutembea kuliuma kidogo kuliko kukaa. Kila kimoja kilisaidia kwa sehemu yake, na ninavitaja kwa heshima. Ila nilikuwa nimeshajipa jibu: imesambaa. Kompresa ikishakufa, fundi haendelei kujaza gesi. Nikaamua dripu ya nne sitaifuata. Mke wangu sikumwambia.

Asubuhi moja alikuwa akinikanda barazani nyuma ya nyumba, mimi nimelala kifudifudi kwenye mkeka, mtani wangu akabisha hodi. Ni seremala, Mmakonde, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu hapa mtaani Mitwero. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kwa babu zetu, kwa hiyo hana ruhusa ya kunihurumia. Alisimama, akatazama maji ya moto na kitambaa, akapiga makofi.

"Hongera, mtani! Umejifungua salama? Mtoto kamfuata nani?"

Kwetu anayekandwa hivyo ni mzazi aliyetoka kujifungua.

"Kakufuata wewe, shemeji," mke wangu akasema. "Ndiyo maana tumemficha."

Mtani akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaona kitambaa kilipo.

"Kumbe kiuno!"

"Mgongo," nikasema.

"Mgongo gani unashuka mpaka huko? Ukiuachia utaukuta kwenye visigino. Haya, safari ya Dar lini?"

Nikasema bado sijaamua kama nitakwenda. Mkono wa mke wangu ukasimama juu yangu, maji yakinitiririka ubavuni.  Mtani wangu akaacha kucheka, akainuka.

"Utakwenda," akasema. "Nakupeleka mimi. Ukikataa nitakaa mimi kwenye hicho kiti wanichome dawa yako, nitoke na upara kama wako, na hapo mke wangu ataniacha kwa makosa yako."

Sikuweza kubishana naye nikiwa nimelala kifudifudi. Tukaenda. Tulipofika Nangurukuru, njiani, nilikuwa nimesimama ndani ya basi, nimeshika bomba, kiti changu amekikalia yeye pamoja na mto wangu wa sufi, akiwaeleza abiria kwamba mimi ni konda mpya.

Hospitalini tuliingia pamoja kwa daktari yuleyule. Ni mwanamke, kijana kuliko binti yangu mkubwa, anayetoka mikoa ya bara. Akauliza hali. Nikasema alhamdulillah, mgongo tu.

"Shikamoo, daktari," mtani wangu akadakia, ingawa kwa umri alikuwa wa kuamkiwa yeye. "Huyu anakudanganya. Mgongo wake ni mzima kabisa. Kilichokufa ni kiuno, na anakuonea haya."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akacheka kwa sauti. Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari hakucheka.

"Kiuno wapi, baba? Nionyeshe kwa kidole."

Nikaonyesha. Akauliza kinaanza kuuma lini. Hapo tu, kwa kulijibu swali, nikaona nilichokuwa sijakiunganisha kichwani: kinaanza baada ya ile sindano ya nyumbani, si baada ya dripu, na wiki inayofuata kinapungua. Akaweka kalamu chini.

Alinieleza polepole kwamba damu inatengenezwa kwenye uboho, na sehemu kubwa ya uboho wa mtu mzima imo kwenye mifupa ya nyonga na ya chini ya mgongo. Sindano inaulazimisha ufanye kazi haraka, na kazi hiyo inauma. Huenda ni hivyo, akasema, lakini hatutabahatisha. Akanipeleka kupigwa picha.

Tulisubiri majibu kwenye benchi la ukutani. Mtani wangu hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo lilinitisha kuliko chumba cha picha.

Daktari alirudi mwenyewe. Mifupa ilikuwa salama, na tezi zilikuwa zimepungua. Akaniandikia dawa ya kumeza kabla ya sindano na siku za baada yake, akanionya nisimeze ya maumivu ya kununua dukani, kwa sababu inaweza kuficha homa, na homa kwa mtu wa dripu ni jambo la kukimbilia hospitali. Kisha akasema, "Siku nyingine, baba, niambie kiuno."

Mtani wangu aliinuka akatoka nje. Aliporudi uso ulikuwa na maji, kola ya shati imelowa.

"Umenitia hasara, mtani," akasema. "Pilau ya matanga yako nilishaanza kuisikia harufu."

Nikamwambia aendelee kushinda na njaa. Nikampigia mke wangu simu. Alisema alhamdulillah mara nyingi, nami nilimsubiri bila kukata. Muuguzi alipokuja na trei ya dripu ya nne na kuuliza kama niko tayari, nikakaa kwenye kiti na kukunja mkono wa shati.