Jiwe Lililopewa Jina la Binti

Mtaani walimwita kwa jina la mwanawe wa pili, naye akaitika kwa miaka mingi bila kumsahihisha mtu. Alikuwa fundi cherehani, chumba chake cha mbele kimejaa vipande vya vitambaa na sare za shule zinazosubiri vifungo. Mumewe alichomelea mageti uani. Watu walisema wale wawili ni chanda na pete, na kweli walipendana. Ila kulikuwa na neno moja lisilotamkwa ndani ya nyumba ile.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana. Alizaliwa na moyo mbovu, akaishi kiasi cha kujua kugeuza kichwa aliposikia sauti ya baba yake, kisha akaenda zake. Baba alirudi kutoka makaburini, akavua viatu mlangoni, na tangu hapo hakulitaja jina la mtoto. Mke alingoja aanze yeye. Hakuanza. Wakaja watoto wengine, nao hawakuambiwa. Baadaye barabara kubwa ikapita pale makaburini, wakakosa hata mahali pa kung'oa magugu.

Fundi alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki na kumsomesha kwa jasho la cherehani. Huyu akawa mtaalamu wa anga katika nchi ya mbali. Alasiri moja, akiwa likizo, alisukuma sare pembeni, akaketi kwenye meza ya kukatia na kutoa habari. Alikuwa amegundua jiwe huko juu, moja ya yale yanayoitwa asteroidi, na mgunduzi huruhusiwa kupendekeza jina. Alitaka liitwe kwa jina la dada yake.

"Dada za wenzako hupelekewa friji," fundi alisema. "Mimi naletewa jiwe lisilobebeka."

Walicheka. Kisha akauliza ni jiwe la namna gani. Mdogo wake akamweleza kuwa ni jiwe tu, upana wake kama mwendo wa kutoka pale hadi sokoni, likilizunguka jua pamoja na mengine mengi katikati ya Mirihi na Mshtarii. Kwa macho matupu halionekani. Halimwangukii mtu.

"Na halitoki hapo?"

"Halitoki, dada. Sisi sote tutapita, lenyewe litabaki."

Fundi alimaliza upindo aliokuwa akishona, akakata uzi kwa meno.

"Basi mpe binti yangu. Yule wa kwanza."

Mdogo wake alikuwa mtoto wakati ule, lakini alikumbuka. Akauliza kama shemeji yake atakubali. Fundi akatoka kwenda uani kumuuliza.

Mumewe alikuwa akinawa mikono kwenye ndoo. Alimsikiliza bila kuinua uso, akaendelea kusugua vidole ambavyo vilikwisha takata. Hatimaye alisema, "Mwambie asikosee. Lina herufi mbili za mwisho ambazo watu hupenda kuziacha." Akalitamka jina lote, taratibu.

"Kumbe unalikumbuka," mke alisema.

"Nilidhani nikilitaja utaumia."

Mtu angetegemea fundi alie kwa furaha. Alikasirika. Siku kadhaa alimwekea mumewe chakula mezani na kuondoka, akiwaza miaka yote aliyobeba mzigo peke yake, kumbe mwenzake naye alikuwa chini ya mzigo uleule, kwenye kitanda hichohicho. Hasira ikaisha polepole, kama homa inavyoondoka. Wakawaketisha watoto na kuwaambia. Binti yao mkubwa alinuna, akitaka kujua kwa nini alifichwa dada yake. Hawakumlaumu.

Mwaka uliofuata mdogo wa fundi alipiga simu: jina limekubaliwa. Mchomeleaji aliomba simu, akauliza kama jiwe lile lina chuma. Akaambiwa mawe ya aina ile huwa nacho kidogo, kimechanganyika na mwamba. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeoneshwa kazi nzuri.

Jioni hiyo walikaa kizingitini. Mume alisema yule binti alikuwa na masikio ya bibi yake mzaa baba. Mke akakana: yale yalikuwa masikio ya upande wa mama, labda paji la uso ndilo lingekuwa la upande wa baba. Walibishana hadi chakula kikapoa, na hakuna aliyekubali kushindwa.