Kanda la Mjomba Ndani ya Tairi la Mbele

Mjini Musoma ilikuwa haitetemeki hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nionekane mwongo. Kutoka Kitaji nilikopanga chumba mpaka sokoni, mpaka stendi, mpaka mwaloni kwa akina mama wa dagaa, pikipiki yangu ilitembea kama imepakwa mafuta chini. Lakini nikiishika lami ya kwenda Bunda, mshale wa mwendo ukigusa sitini, viganja vinaanza kuwasha. Sitini na tano, vioo vinapoteza sura, nyuma sioni gari, naona rangi tu. Sabini, usukani unapiga kushoto kulia, kushoto kulia, kama mbuzi anayekataa kamba.

Nikisimulia kijiweni, bodaboda wenzangu walikufa kwa kicheko.

"Hiyo ina malaria. Ipeleke ikapimwe."

"Ni yeye huyo anayetetemeka! Mtu kazoea punda, hiyo sabini kaipatia wapi?"

Nami nacheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka. Shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto zangu hazikuishia hapo. Kichwani nina gereji yangu, ina bango, ina benchi la mteja kukaa akisubiri, na ukutani spana zimepangwa kuanzia ndogo mpaka kubwa. Sasa mwenye gereji kichwani akashindwa na pikipiki yake mwenyewe! Nilikaza gololi za shingo ya usukani. Nilipima upepo asubuhi na jioni. Nilinyoosha tairi la nyuma lifuatane na la mbele, nikafungua keria nikaiacha chumbani. Fundi mmoja wa Musoma akanibadilishia beringi za mbele, akaizungusha mtaa mzima, akarudi anapiga mluzi. "Mzima kabisa huyu," akasema. Nikaenda lami. Sabini. Mbuzi yuleyule.

Kuanguka peke yangu hakukunitisha sana, niseme ukweli. Kilichonitisha ni Jumanne. Kila Jumanne nilikuwa nambeba mjomba wangu, kaka yake mama, kutoka kwake Bugwema mpaka kliniki ya macho mjini. Yeye ananiita mjomba, mimi namwita mjomba, ndivyo tunavyoitanaga tangu niko mdogo. Miaka yake yote alikuwa fundi baiskeli Butiama. Alikuwa anagonga spoku moja moja kwa spana huku anaongea na watu, mara ananyamaza, anarudi moja nyuma: "Hii hapa." Macho yalipoanza kuingia giza pembeni, akarudi Bugwema kulima. Lakini mkoba wa spana aliutundika mlangoni, hakuuweka ndani. "Wakishanitibu, nafungua hapahapa," alikuwa anasemaga.

Na kweli alishapata mteja. Jirani yake, kijana anayepeleka maziwa kwa baiskeli, alimletea ringi imepinda. Baiskeli ilikaa uani imegeuzwa miguu juu, na jirani akaambiwa avumilie kidogo, fundi anamalizia matibabu. Akavumilia. Alikuwa anabeba madumu kichwani.

Kazi ya mwisho ambayo mjomba alikuwa ameimaliza ni ya kwangu. Barabara za kule zina miiba inayotoboa hata kandambili, na mimi kila wiki nilikuwa nalala na pancha. Basi akachukua tairi kuukuu, akachana kanda refu, akalikwangua kwa kisu mpaka likawa laini, akalizungushia ndani ya tairi la mbele, kati ya tairi na tyubu. Alifanya yote kwa kupapasa. Alipomaliza akapiga tairi kofi. "Sasa mwiba uje na msumari." Toka siku ile sikupata pancha ya mbele tena, na kila Jumanne kabla hajapanda alikuwa analipapasa tairi kwanza, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake.

Jumanne moja tulichelewa. Namba za kliniki zinatolewa mapema, ukichelewa unarudi nyumbani. Nikasema leo nivumilie tu. Nikavuta mpaka sabini, usukani ukaanza. Mikono ya mjomba ikanishika tumboni. Sikushika breki, nilikuwa nimeshajifunza kwamba ukikaza mikono ndiyo unaichochea. Nililegeza mafuta polepole mpaka ikatulia.

"Mjomba, hii kitu inatikisika," akasema nyuma ya sikio langu.

"Ni barabara, mjomba."

"Barabara haitikisi kwa mpangilio." Akainamisha sikio, nikajua anasikiliza. "Ni tairi la mbele. Kuna sehemu nzito. Inapiga mara moja kila mzunguko. Mwambie fundi ainyanyue mbele, alizungushe tairi, aliache lisimame lenyewe. Afanye mara tatu. Likisimamia palepale, upande wa chini ndio mzito."

Nilifurahi jamani. Nikajiona gereji yangu tayari ina mshauri.

Kesho yake nilikuwa na abiria wa Bunda, nikapitia kwa fundi mmoja pale, mzee asiye na maneno mengi. Nikamweleza. Akainyanyua mbele kwa gogo, akazungusha tairi. Likazunguka, likapunguza, likayumba kidogo kama linatafuta usingizi, likasimama. Akaweka alama ya chaki chini. Akazungusha tena. Chaki chini. Mara ya tatu nilikuwa naliombea lisimame kwingine, sijui kwa nini, labda moyo ulishajua. Chaki chini.

Akafungua tairi, akavuta kanda la mjomba. Lilikuwa limekwanguliwa vizuri, kingo zote laini. Ila mwishoni, pale ncha mbili zinapokutana, hazikukutana. Zilipishana, moja imelala juu ya nyingine urefu wa kiganja kizima, mpira juu ya mpira.

"Nani kaweka hili?"

"Mjomba wangu."

"Hakuona kwamba limezidi?"

Nikamwomba akate kile kilichozidi, alirudishe. Akanionyesha tyubu: mahali pa ncha palikuwa pamesuguliwa mpaka pameng'aa. "Likishaanza kutembea ndani, linatembea tu. Nikilirudisha, ukaanguka na mtu nyuma, mimi nitalalaje?"

Nikarudi Musoma bila kanda. Sabini, themanini, kimya. Vioo vilionyesha gari na dereva wake. Ni siku niliyoingoja miezi, na nilikuwa naendesha huku machozi yanakaushwa na upepo. Kanda nilikuwa nimelikunja ndani ya koti.

Jumanne iliyofuata mjomba akalipapasa tairi kama kawaida yake. "Fundi aliona nini?"

"Spoku mbili, mjomba. Zilikuwa zimelegea."

"Spoku," akasema, kama hakuridhika. "Na kanda langu?"

"Lipo. Linafanya kazi."

Akacheka, akapanda. Tulifika mapema, tukapata namba ya nne. Daktari alikuwa dada mpole, alimshika mkono wakati anamwambia. Alisema mshipa wa jicho ukishakufa haurudi, matone yale ni ya kulinda kilichobaki tu, na kilichobaki si kingi. Mjomba akauliza kama miwani itasaidia. Dada akasema hapana, baba. Mjomba akasema asante.

Tukaanza kurudi. Tulipoacha lami tukaingia vumbi la Bugwema, mbele pakaanza kulegea. Nilijua kabla sijashuka. Mwiba mrefu, umesimama kwenye tairi la mbele kama umepandwa.

"Pancha?" akauliza.

"Ya nyuma, mjomba."

Uongo wa kijinga kabisa. Hata mtoto angejua kwa jinsi usukani ulivyokuwa unaogelea. Yeye alishachuchumaa mbele. Nilifungua tairi, hakuna njia nyingine, na kabla sijatoa tyubu mkono wake ukaingia. Ukapita ndani taratibu, mzunguko mzima, ukarudi ulikoanzia. Ukapita tena.

"Lilikuwa ndilo linalotikisa," akasema.

"Kidogo tu, mjomba."

"Ncha zilipishana?"

"Zilipishana."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Halafu nikakumbuka. Nikauchukua mkono wake, nikaweka kile kipimo juu ya kiganja chake, kutoka kwenye kifundo mpaka vidoleni. Akafunga mkono.

Nikaziba pancha, nikajaza upepo, tukaenda.

Tulipofika kwake jirani wa maziwa alikuwepo, amekuja kuulizia.

"Chukua baiskeli yako, mwanangu," mjomba akamwambia. "Ipeleke kwa fundi."

"Si wewe ndiye fundi, mzee?"

"Ipeleke."

"Mjomba ataitengeneza," nikadakia. "Mimi nitamwangalizia."

"Wewe na spoku wapi na wapi?" akasema mjomba, wala hakukasirika. Jirani akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaigeuza baiskeli, akaanza kuisukuma kwenda barabarani. Tairi la nyuma lilikuwa linagusa breki kila mzunguko. Tik. Tik. Tik. Mjomba aligeuza sikio likafuata ile sauti.

"Spoku ya tatu kutoka kwenye valvu," akasema chini chini. "Kulia. Nusu mzunguko tu."

"Nimwite?"

Jirani alishafika kwenye mihogo. Tik. Tik.

"Mwache aende," akasema. Nami nikasimama pale na pampu mkononi mpaka ile sauti haikusikika tena.